Mpini Uliogeuka Makali

Upasuaji wa matundu madogo, ambao ukifanyika tumboni madaktari huuita laparoskopia, ni miongoni mwa mabadiliko makubwa kabisa yaliyoifikia tiba katika karne ya 20, kwa kuwa ulimwezesha daktari kuondoa mfuko wa nyongo, kidole tumbo au uvimbe wa ovari bila kulifungua tumbo kwa mkato mrefu. Mgonjwa hutobolewa matundu matatu au manne, mengi yakiwa na upana wa milimita 5 na mengine milimita 10 au 12. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi. Kisha kamera nyembamba hupenyezwa katika tundu moja, na vifaa virefu vyembamba katika yaliyobaki. Faida zake hazina ubishi, kwani maumivu hupungua, maambukizi ya kidonda huwa machache, na mtu ambaye zamani angelazwa kwa siku nyingi huweza kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Ipo, hata hivyo, hesabu nyingine isiyoandikwa katika faili la mgonjwa, nayo ni ya mkono wa daktari aliyeshika kifaa. Makala haya yanahusu mkono huo, na hoja yake ni kwamba mpini wa kifaa cha upasuaji unastahili kubuniwa kwa umakini uleule unaopewa ncha yake, na kwamba hospitali za Afrika Mashariki, ambazo nyingi ndiyo kwanza zinaijenga huduma hii, zina nafasi ya kulidai jambo hilo kabla mazoea hayajaota mizizi.

Kiswahili kina picha ya zamani ya watu wawili wanaogombea kisu kimoja, mmoja ameshika mpini na mwingine makali, na anayeisikia hahitaji kuambiwa ni nani atakayetoka na jeraha. Katika laparoskopia picha hiyo imepinduka, kwa kuwa aliyeshika mpini naye huumia. Mwaka 2010 Adrian Park na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha madaktari 317 wanaofanya upasuaji wa aina hii, na takriban asilimia 87 kati yao walieleza kwamba wana maumivu au dalili nyingine za mwili wanazozihusisha na kazi hiyo. Ni kweli kwamba uchunguzi wa dodoso una udhaifu wake, kwa sababu mwenye maumivu huwa na hamu ya kujibu kuliko asiye nayo. Lakini hata msomaji akiikata takwimu hiyo nusu, bado atabaki na taaluma ambayo zaidi ya watu wanne katika kila kumi wanaumizwa na kazi yao, na kama hali hiyo ingewapata mafundi wa kiwanda cha nguo au cha saruji, wakaguzi wa usalama kazini wangekuwa wameitwa zamani. Madaktari wa upasuaji hawakuitiwa mtu, kwa sehemu kwa sababu wao wenyewe hawakulalamika. Taaluma yao huwafunza tangu ujana kwamba uchovu wa daktari si habari, na kwamba anayelala mezani ndiye mwenye haki ya kuumwa.

Chanzo cha hali hii kimo katika kasi ya historia yenyewe. Georg Kelling wa Dresden alichungulia ndani ya tumbo la mbwa kwa darubini nyembamba mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus wa Sweden akaeleza matumizi ya njia hiyo kwa binadamu mwaka 1910, lakini kwa miongo mingi laparoskopia ilibaki zaidi kuwa njia ya kutazama. Miongoni mwa walioigeuza kuwa njia ya kutenda alikuwamo Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Kiel, Ujerumani, ambaye mwaka 1980 aliondoa kidole tumbo kupitia matundu na akapingwa vikali na madaktari wa upasuaji wa nchi yake. Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985 huko Böblingen, na Philippe Mouret akafanya vivyo hivyo Lyon, Ufaransa, mwaka 1987. Baada ya hapo mlango ulifunguka wote, na viwanda vya vifaa tiba vikajikuta vinakimbizana na mahitaji. Lililofanyika katika haraka hiyo linaeleweka, ingawa ni vigumu kulitetea baada ya miongo kadhaa: ni kana kwamba mkasi wa kawaida wa upasuaji, wenye pete mbili za kuingizia vidole, ulikatwa kiunoni, ukapachikwa katikati mrija wa chuma wenye urefu wa sentimita 30 na ushei, kisha ncha ikawekwa upande mmoja na pete zikabaki upande wa pili. Ncha zilifikiriwa upya kabisa, zikazaliwa makoleo, ndoano, vibanio na vishika sindano vya kila umbo, lakini pete zilibaki zilezile.

Ili ubaya wa uamuzi huo uonekane, lazima kwanza ieleweke namna kifaa hiki kinavyofanya kazi. Mrija wake hupita katika bomba fupi liitwalo trokaa, ambalo hukitwa katika ukuta wa tumbo, na hapo ukuta wa tumbo hugeuka kuwa egemeo, yaani ile nukta ambayo wenzo huizunguka, kama ubao wa bembea ambao upande mmoja ukishuka wa pili hupanda. Mkono wa daktari ukienda kushoto, ncha huenda kulia. Mkono ukipanda, ncha hushuka. Ubongo hujifunza ugeuzi huo kwa mazoezi, lakini kuna jambo ambalo mazoezi hayaliondoi, nalo ni kwamba uwiano wa mwendo hubadilika kadiri kifaa kinavyoingia na kutoka. Kikiwa kimeingia theluthi mbili na kubakiza theluthi moja nje, ncha husogea mara mbili ya mkono, hivyo hata mtetemo mdogo wa vidole hukuzwa kwenye skrini. Kikiwa kimeingia theluthi moja tu, mkono hulazimika kusafiri mara mbili ya ncha, na bega huinuka na kiwiko hutanuka ili kuifuata safari hiyo. Daktari mmoja hupita katika hali zote mbili mara nyingi ndani ya operesheni moja, na mwili wake haupewi taarifa.

Egemeo hilo pia hukinyima kifaa uhuru. Mkono wa binadamu, tangu bega hadi kifundo, huhesabiwa kuwa na njia saba za kujongea, ilhali kifaa kilichopita katika tundu kina nne tu: kuingia na kutoka, kuinama na kuinuka, kwenda upande huu na ule, na kujizungusha katika mhimili wake. Njia zilizopotea hazikupotea bure. Pale ambapo ncha haiwezi kujikunja ili kuufuata mpindo wa sindano ya kushonea, au kulizunguka ini ili kuufikia upande wake wa nyuma, mwili wa daktari ndio unaojikunja kwa niaba yake, kwa kuinua kiwiko hadi usawa wa bega, kukipinda kifundo cha mkono hadi mwisho wake, na kuubakiza mkono hapo kwa dakika kadhaa huku macho yakiwa yamekaziwa skrini. Katika upasuaji wa wazi daktari hubadilisha mahali pa kusimama, hugeuza shingo, huinama na kuinuka. Katika laparoskopia husimama kama mlinzi wa lindo, akiwa na miguu miwili sakafuni, pengine mmoja ukiwa juu ya pedali ya umeme wa kuchomea damu. Misuli isiyosogea huchoka upesi kuliko inayosogea, kwa sababu msuli uliokazwa bila kuachiwa huibana mishipa yake yenyewe ya damu.

Nguvu nayo ina habari yake. Kidole kinapobana mpini, nguvu husafiri kwa fito nyembamba iliyomo ndani ya mrija hadi kwenye taya za ncha, na sehemu kubwa ya juhudi hiyo humezwa njiani na msuguano wa viungo vidogo kabla haijafika. Ramon Berguer na wenzake, waliopima umeme unaotolewa na misuli ya kigasha inapofanya kazi, waliona kwamba kubana kwa koleo la laparoskopia kunaidai misuli hiyo juhudi kubwa kuliko kubana kwa koleo la kawaida la upasuaji wa wazi. Msuguano uohuo, pamoja na ule wa mpira unaozuia gesi isivuje katika trokaa, hufuta hisia inayorudi mkononi, hivyo daktari hajui vizuri kama taya zimeshika utumbo kwa upole au zinauponda. Asiyejua hubana zaidi ili awe na uhakika. Hapo ndipo suala la mpini linapoacha kuwa la starehe ya daktari na kuwa la usalama wa mgonjwa, kwa sababu mfuko wa nyongo uliochanika huimwaga nyongo tumboni, na utumbo uliopondwa bila kuonekana huweza kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari nyumbani kwake.

Pete zenyewe zina kosa la kianatomia. Katika mkasi wa kawaida kidole gumba huingia kidogo tu, na nguvu ya kukata ni ndogo na ya muda mfupi. Katika koleo la laparoskopia kidole hichohicho husukuma chuma chembamba kwa dakika nyingi mfululizo, na chuma hicho hukandamiza neva ndogo zinazopita pembezoni mwa kidole, ambazo hazina nyama ya kutosha ya kuzilinda. Majarida ya kitabibu ya miaka ya 1990 yaliripoti madaktari waliopata ganzi ya kidole gumba baada ya operesheni ndefu. Juu ya hayo, mpini wa pete hukaa kwa pembe dhidi ya mrija, na ncha inapotakiwa ielekee chini, kifundo cha mkono hulazimika kukunjwa na kupindishwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kifundo kilichokunjwa ni kifundo dhaifu, kwa kuwa kano zinazovikunja vidole huwa zimelegea na haziwezi tena kuvuta kwa nguvu zake zote. Msomaji anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa kukikunja kifundo chake hadi mwisho kisha kujaribu kukaza ngumi. Kifaa kinachodai nguvu nyingi zaidi kimeuweka mkono katika hali ambayo nguvu zake ni chache zaidi, na kosa hilo halina wa kulaumiwa isipokuwa mbuni.

Kuna ushahidi mmoja ambao ungepaswa kuumaliza mjadala, nao umo katika kila chumba cha upasuaji duniani. Glavu za upasuaji hutengenezwa kwa namba, kuanzia 5.5 hadi 9, zikipanda kwa nusu nusu, kwa sababu kila mtu hukubali kwamba mikono haifanani na kwamba glavu isiyokaa sawasawa huharibu kazi. Mkono uleule uliovikwa glavu ya namba 6 hukabidhiwa kifaa kilekile kinachokabidhiwa mkono wa namba 8, na hakuna anayeona ajabu. Mwaka 2004 Berguer na mwenzake Hreljac walichapisha uchunguzi wa madaktari 726 wa laparoskopia uliochunguza uhusiano wa ukubwa wa mkono na ugumu wa kutumia vifaa, na wakaona kwamba wenye mikono midogo, wanaovaa glavu za namba 6.5 kushuka chini, ndio waliopata taabu zaidi. Wengi wa wenye mikono hiyo ni wanawake. Stepla, yaani kifaa cha kushonea utumbo kwa pini, ambacho hufungwa kwa kubana mpini mpana, kwa mikono kama hiyo hugeuka kuwa kazi ya mikono miwili, na daktari aliyeitumia mikono yote miwili kufunga mpini hana mkono wa kuulinda utumbo usiteleze. Ni dhuluma kumwita mtu huyo dhaifu au mgeni wa kazi, ilhali kilichopungua si ustadi wake bali ni sentimita mbili za umbali kati ya wenzo na kiganja.

Taaluma inayoshughulika na mambo haya huitwa ergonomia, neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kazi na kanuni, na kutumiwa na msomi wa Poland Wojciech Jastrzębowski mwaka 1857. Maana yake ni elimu ya kuilinganisha kazi, zana na mahali pa kazi na mwili wa anayeifanya, badala ya kuulazimisha mwili uifuate zana. Wabuni wa taaluma hii hujitahidi kwa kawaida kuwahudumia watu wote waliopo kati ya mwanamke mwenye mkono mdogo na mwanamume mwenye mkono mkubwa, wakiziacha tu ncha mbili za mwisho. Swali la haki ni mikono ya nani iliyopimwa. Upimaji mkubwa wa wanajeshi wa Marekani uliofanywa mwaka 1988 umetumiwa kwa miaka mingi kama rejea ya wabuni, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mikono ya madaktari wa Dodoma, Kisumu au Mbarara ilikuwa akilini mwa yeyote wakati majedwali ya vipimo hivyo yalipopangwa.

Mwanaanatomia wa Uingereza John Napier alionyesha mwaka 1956 kwamba mkono wa binadamu una namna mbili za msingi za kushika: mshiko wa nguvu, ambao vidole huufunga mpini dhidi ya kiganja kama mtu ashikavyo jembe, na mshiko wa usahihi, ambao kitu hushikwa kwa ncha za vidole na kidole gumba kama kalamu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kubuni mpini wa laparoskopia, kwa sababu operesheni moja huidai mishiko yote miwili kwa zamu. Kuvuta mfuko wa nyongo na kuushikilia juu kwa nusu saa ni kazi ya kiganja kizima. Kuichambua mishipa inayoingia katika mfuko huo ni kazi ya ncha za vidole. Mpini wa pete hauruhusu mshiko wowote kati ya hiyo miwili ukamilike. Kwa hiyo mpini mzuri ni ule unaojaa kiganjani bila kulazimisha kidole kuingia katika tundu, unaosambaza mgandamizo juu ya nyama pana ya kiganja badala ya ukingo wa kidole gumba, unaokiacha kifundo kinyooke wakati ncha inapoelekezwa mahali pake pa kawaida, na wenye gurudumu la kuizungusha ncha pale ambapo kidole cha shahada hufika bila kujinyoosha. Meno ya kufungia, yaani yale yanayozifanya taya zibaki zimebana bila mkono kuendelea kukaza, yawe rahisi kuachiwa kwa kidole kimoja, na yaachike sawasawa kwa anayetumia mkono wa kushoto. Hili la mwisho linaonekana dogo kwa asiye mashoto. Kwa aliye mashoto ni sababu ya kujifunza operesheni nzima kinyumenyume.

Mbuni anayejaribu kuyatimiza yote hayo hukutana na adui ambaye vitabu vya ergonomia vya kiwandani havimtaji, naye ni usafi. Kifaa kinachotumika tena lazima kioshwe damu na kisha kitakaswe katika autoklevu, mashine itumiayo mvuke wenye shinikizo, mara nyingi kwa nyuzi joto 134. Sponji laini inayoupendeza mkono haiishi humo, na kila mkunjo unaokaribisha kidole hukaribisha pia damu iliyoganda. Mpini wenye umbo zuri lakini usiofunguka ni hatari kuliko mpini mbaya unaofunguka. Kuna pia suala la umeme, kwa kuwa vifaa vingi hupitisha mkondo wa kuchomea tishu, na mrija wake hufunikwa kwa ganda la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Ganda hilo likichubuka kwa kuoshwa vibaya, umeme huweza kuuchoma utumbo mahali ambapo kamera haioni. Kwa sababu hizo wabuni wazuri wamekwenda kwenye plastiki ngumu zinazostahimili joto, na kwenye vifaa vinavyofunguka sehemu tatu: mpini, ganda la nje, na fito yenye taya. Sehemu hizo tatu zina umuhimu ambao wanunuzi wengi hawajauona, na jambo hilo litarudiwa hapa chini.

Namna ya kuvijaribu vifaa nayo inahitaji kukosolewa. Mpini mpya ukishikwa kwa dakika mbili katika maonyesho ya vifaa tiba, huku muuzaji akitabasamu pembeni, karibu kila mpini huonekana mzuri. Maumivu ya laparoskopia hayaji katika dakika ya pili; huja baada ya saa ya kwanza, na mengine huja usiku, daktari akiwa kitandani. Jaribio la kweli ni lile linalompa daktari kifaa kwa operesheni nzima, au angalau kwa saa kadhaa katika kisanduku cha mazoezi, huku umeme wa misuli ukipimwa, pembe za kifundo zikirekodiwa, na makosa ya ncha yakihesabiwa pamoja na malalamiko ya mkono. Jaribio hilo lifanywe na mkono mdogo na mkubwa, na mzoefu pamoja na mwanagenzi, kwa sababu mzoefu amekwisha kuuzoesha mwili wake kasoro za kifaa na mara nyingi hazioni tena.

Si haki, hata hivyo, kuubebesha mpini lawama zote. Watafiti wa Uholanzi, miongoni mwao Marijke van Veelen wa Delft, walionyesha kwamba katika laparoskopia meza inapaswa kushushwa hadi kati ya asilimia 70 na 80 ya kimo cha kiwiko cha daktari, ambapo kwa mtu mwenye kiwiko kilichoko sentimita 100 kutoka sakafuni ni sentimita 70 hadi 80. Meza nyingi zilibuniwa kwa ajili ya upasuaji wa wazi na hazishuki kiasi hicho, na ndiyo maana daktari mfupi huonekana amesimama juu ya kibao, jambo ambalo husaidia mabega lakini huiacha pedali chini ya upeo wa mguu wake. Skrini nayo ikae mbele ya daktari, chini kidogo ya usawa wa macho, si juu ya kabati ukutani kama televisheni ya mgahawa. Marekebisho haya mawili hayagharimu karibu chochote, na hospitali isiyoyafanya haina sababu.

Wapo wanaosema kwamba mjadala wa mpini umepitwa na wakati kwa sababu roboti imekwisha kulitatua tatizo. Mfumo wa da Vinci, ulioidhinishwa nchini Marekani mwaka 2000, humkalisha daktari kwenye kiti, huurudishia mkono njia zake za kujongea kwa kifundo kidogo kilichomo kwenye ncha, na huchuja mtetemo. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mashine hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1, na vifaa vyake vina idadi maalumu ya matumizi kabla ya kununuliwa vingine, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya dunia upasuaji wa matundu madogo utabaki kuwa kazi ya kifaa kinachoshikwa kwa mkono. Kinachotia moyo zaidi ni juhudi za kulipeleka wazo la kifundo kwenye kifaa cha kawaida kisicho na mota. FlexDex, kilichobuniwa na wahandisi na madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, hufungwa kwenye kigasha cha daktari na huusafirisha mjongeo wa kifundo chake hadi kwenye ncha kwa njia za kimakanika tu. Kifaa kama hicho kinathibitisha kwamba njia zilizopotea katika tundu zinaweza kurudishwa kwa akili ya fundi, bila kusubiri fedha za roboti.

Katika Afrika Mashariki, laparoskopia imekwisha kuingia katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, kinaendelea kuwafunza madaktari wa nchi nyingi, wanawake wakiwamo. Watu hao watafanya kazi kwa miaka thelathini au zaidi, katika nchi ambazo daktari bingwa mmoja akipoteza uwezo wa mkono wake, wilaya kadhaa hubaki bila mtu wa kumrithi. Kwa nchi tajiri maumivu ya daktari ni gharama ya bima. Kwa nchi hizi ni foleni ya wagonjwa inayorefuka.

Silaha iliyopo ni zabuni. Orodha za ununuzi wa vifaa hivi kwa kawaida hutaja urefu, kipenyo na aina ya taya, na mpini hutajwa, kama unatajwa, kwa neno moja. Bohari ya Dawa ya Tanzania, mamlaka ya vifaa tiba ya Kenya, KEMSA, na wenzao wa Uganda wananunua kwa niaba ya hospitali nyingi kiasi kwamba masharti yao husikilizwa na wauzaji, na hakuna kinachowazuia kuandika kwamba kifaa kifunguke sehemu tatu na kwamba mipini ya ukubwa usiopungua miwili iingie katika fito ileile. Hapo ndipo faida ya sehemu tatu inapoonekana, kwa sababu hospitali haihitaji kununua seti mbili kamili za vifaa. Inahitaji seti moja ya fito na ganda, na mipini michache ya ziada, ambayo ndiyo sehemu inayodumu zaidi. Vifaa vya msaada navyo vinapaswa kupokewa kwa masharti hayohayo, kwa kuwa seti ya zamani yenye pete za chuma, hata ikiletwa bila malipo, humfunza daktari mchanga kukishika kifaa vibaya kwa maisha yake yote ya kazi.

Ili masharti hayo yawe na uzito lazima yaambatane na vipimo. Urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, upana wa kiganja, na umbali ambao kidole gumba na cha shahada huweza kutanuka ni mambo yanayopimwa kwa rula kwa dakika chache, na madaktari wanafunzi wa eneo zima huhitajika kukusanyika kwa mitihani ya chuo chao. Jedwali lenye vipimo vyao, likigawanywa kwa jinsia na kuambatanishwa na namba za glavu wanazovaa, lingetosha kupelekwa Tuttlingen, Ujerumani, au Sialkot, Pakistani, miji miwili ambayo mafundi wake wametengeneza vyombo vya upasuaji kwa vizazi na vizazi na wanajua vizuri namna ya kuchonga chuma kwa kipimo walichopewa.